Neno Ambalo Nyaruai Hakuliamini

Kitale mjini, juu ya duka moja la mbegu na mbolea, kuna mlango wa kijani ulioandikwa kwa mkono: BARUA, MAOMBI YA KAZI, MAKUBALIANO YA SHAMBA, WASIFU WA MAREHEMU. Nyuma ya mlango huo hukaa Nyaruai, mama wa miaka hamsini na sita, miwani imefungwa kwa uzi, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Miaka ishirini na saba amekuwa akiwaandikia watu. Alianza na taipureta, sasa ana kompyuta mbili na printa moja kuukuu inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Kama umewahi kuomba kazi katika mji huu, au kuuza shamba, au kumzika baba yako kwa maneno ya heshima, huenda maneno yako yalipitia mikononi mwake.

Lakini ukimpelekea barua uliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza, jua mapema kwamba kuna neno moja hutatoka nalo mle. Neno lenyewe ni actually.

Siku moja msichana wa chuo alileta ombi la msaada wa karo, akaandika kwamba yeye actually ni yatima. Nyaruai alimwangalia juu ya miwani, akamuuliza ni nani aliyemkatalia kwamba ni yatima. Msichana akasema hakuna. Basi actually ni ya nini? Kalamu nyekundu ikapita juu ya neno, barua ikachapwa. Baadaye Nyaruai alichungulia dirishani, akamwona yule yatima akimwonyesha barua mzee mmoja aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili, kisha wakaenda pamoja kunywa chai. Kisa hicho alikisimulia kwa kila mteja kwa muda wa mwaka mzima.

Alikuwa na nadharia yake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Mtu akisema nilikuwa nyumbani, huenda kweli alikuwa nyumbani. Akisema actually nilikuwa nyumbani, huyo ameshaona uso wako unavyomtilia shaka, na sasa anaweka kigingi mlangoni. Kiswahili nacho kina maneno ya ukoo huo. Kuna kumbe, la mtu aliyefumbuliwa macho. Kuna kwa kweli, ambalo watu wa kanisani hulitumia wakikosa la kusema. Kuna ati, la mtu asiyeamini anachosimulia. Nyaruai hakuwa na ugomvi na hayo, hata ati, kwa sababu ati haifichi mashaka yake. Actually ndiyo iliyomkera. Aliiona kama neno lililovaa suti kwenda kuomba mkopo.

Mwalimu wake wa darasa la sita, huko kwenye mashamba ya settlement, yale yaliyogawiwa watu baada ya uhuru, alikokulia, ndiye aliyewaandikia ubaoni maana ya neno hilo. Alisema ni neno la kusema ukweli mbele ya mtu anayeamini jambo lingine. Watoto wakanakili. Nyaruai naye alinakili, lakini katika kukua kwake kile kipande cha ukweli kilidondoka njiani, akabaki na mtu anayeamini jambo lingine. Hakukidondosha bure. Alidondoshewa na mumewe.

Marehemu Kabiru alikuwa na sauti nzuri na Kiingereza cha kutosha. Walikuwa na kijishamba cha nusu eka kule Ndalu, walichokinunua kwa jasho la wote wawili, na kila msimu Nyaruai aliuliza mahindi yako wapi. Msimu wa kwanza Kabiru akasema actually viwavi wamemaliza. Msimu wa pili, actually mvua ilikuwa nyingi mno. Msimu wa tatu akasema actually amempa jirani akilime kidogo ardhi ipumzike. Nyaruai akafunga duka siku moja, akaenda Ndalu mwenyewe. Akakuta nyumba ya mabati imesimama katikati ya shamba, na mapazia ya maua madirishani, na mama mwenye nyumba akamkaribisha uji kwa ukarimu, hana habari. Kabiru alikuwa ameuza zamani. Nyaruai alikunywa ule uji wote kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kabiru akafa miaka miwili baadaye, akazikwa vizuri, na wasifu wake ukachapwa na mkewe bila neno actually hata moja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo mama huyu alishuku kila kitu chenye mdomo. Alishuku mkulima aliyemwambia viazi ni vya leo. Alishuku daktari aliyetabasamu. Na sheria ya kalamu nyekundu haikubaki dukani, aliibeba hadi nyumbani. Binti yake wa pekee, Wangechi, alikulia chini ya sheria hiyo. Akiwa mdogo, akianza tu, "Mami, actually," mama yake alikuwa anamkata hapo hapo: ukianza na hiyo, uongo uko njiani, rudi uanze upya. Mtoto alikuwa akirudi na kuanza upya. Miaka ikapita, akawa harudi tena, ananyamaza tu, na Nyaruai akahesabu hiyo kuwa tabia njema.

Wangechi sasa ana miaka ishirini na minane, na anafanya kazi kwenye kompyuta ya pili, karibu na dirisha. Ni mpole. Anachapa haraka kuliko mama yake ingawa hakuna anayeruhusiwa kulisema hilo.

Mambo yenyewe yalianza na Agneta. Mama huyu wa Kanduyi, mstaafu wa ofisi ya serikali huko Bungoma, alikuja Kitale miaka miwili iliyopita kumzika dada yake aliyeolewa upande huu. Alileta wasifu wa marehemu uchapwe. Katika mstari wa tatu alikuwa ameandika kwamba dada yake actually alikuwa mtu wa watu. Nyaruai akatoa kalamu. Agneta akaushika mkono wake hewani.

"Hiyo iache, Mama," akasema. "Watu wamesema miaka mingi ati dada yangu ni mkali. Mimi nimelala na yeye kitanda moja, ninajua. Kama si hiyo neno, nitawaambia aje kwamba wamekosea?"

Nyaruai aliiacha. Ndiye mteja wa kwanza na wa pekee kumshinda, na heshima ikazaliwa hapo, heshima ya kutazamana kwa jicho la pembeni. Agneta aliongea hivyo hivyo: actually huku, actually kule, kila sentensi ilifunguliwa kwa ufunguo huo. Wakati printa inakohoa alikuwa akimtazama Wangechi dirishani, jinsi alivyowapa wafiwa viti na kuwamiminia chai. Akauliza ameolewa? Hajaolewa. Agneta akasema actually yeye ana kijana, Khisa, ameajiriwa kwa kudumu, na hapo ndipo mchezo ulipoanza.

Nyaruai alimchunguza Khisa kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa. Alipiga simu ofisini kwake Bungoma akijifanya mtu wa benki. Aliwatuma akina mama wa kanisa waliokuwa wakienda semina Bungoma wapite Kanduyi na kuuliza wauza mboga wa pale kando ya barabara kijana huyo ananunua nini jioni. Ananunua mboga, waliripoti. Akafika hadi kuomba kuona vyeti vyake vya shule, kwa kisingizio cha kumtengenezea wasifu wa kazi bure. Kila kitu kilikuwa sawa, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Hakuna binadamu aliye safi hivyo, alimwambia Wangechi. Hata hivyo alikosa mahali pa kushika, na wazee wakakaa, wakala, wakaongea yao, wa kwao na wa huku, wakaelewana. Alimchunguza bwana arusi, na mama yake, na ofisi yake, na sokoni kwake. Bibi arusi hakuchunguzwa. Huyo alikuwa wake, atamchunguza wa nini?

Kanisani kwao, kabla ya harusi, majina ya maarusi husomwa Jumapili tatu mfululizo, na Pasta huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Jumapili ya kwanza Pasta Kiarie alisoma, watu wakapiga makofi. Nyaruai alikuwa ameketi akigeuza shingo, anawahesabu wasiopiga. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Jumatatu asubuhi, akiwa dukani, simu yake ikalia. Pasta alikuwa ameokota barua chini ya mlango wa ofisi, akaipiga picha, akamtumia, na chini yake akaandika kwamba Mama Wangechi aisome kwa utulivu.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, bila jina la aliyeandika. Kwa Kiswahili ingesema hivi: Pasta, matangazo haya hayafai kuendelea. Bibi arusi actually hajakubali. Hakuna mtu ambaye actually amemuuliza. Watu wanaona amenyamaza, wanadhani amekubali, lakini actually amenyamaza kwa sababu hakuna anayemsikiliza. Tafadhali simamisha.

Mwenye macho mawili na moyo mmoja angeshuka pale pale kutoka kwenye kiti chake, akatembea hatua nne mpaka dirishani, akamuuliza mwanawe. Nyaruai alikuwa na macho manne ukihesabu miwani, na alichokiona ni kimoja. Actually mara tatu katika barua fupi namna ile. Ni nani anayeongea hivyo chini ya jua hili?

Alipanga kila kitu kabla chai haijapoa. Agneta amepata mkwe mwingine anayemtaka, wa karibu, labda wa ukoo unaofahamika. Akivunja mwenyewe ataaibika na wazee watamdai maelezo. Basi anaandika barua iseme bibi arusi ndiye hataki, ili aibu ishukie Kitale, yeye abaki Kanduyi mikono safi. Ilimwingia akilini vizuri mno, kila pembe ilikaa mahali pake. Alijisikia karibu kufurahi. Miezi yote hiyo alikuwa ametafuta kasoro, na sasa imejileta yenyewe ikiwa imechapwa.

Akatoka nje kwenye ngazi, akampigia Pasta, akamwomba asimwambie Wangechi neno, msichana asije akaumia bure. Pasta alisita, akauliza kama haingekuwa vizuri kumsikia bibi arusi mwenyewe. Nyaruai akasema yeye ndiye aliyemzaa. Pasta akasema sawa, na hapo Pasta naye alikosea, maana aliyezaa siye anayeolewa.

Wiki ile ilikuwa ngumu kwenye duka la kuchapa. Nyaruai aliangalia kila mtu aliyepanda ngazi. Mama wa duka la mbegu la chini alipouliza habari za harusi, alishukiwa. Mzee wa kwaya aliyeleta maneno ya nyimbo yachapwe, akashukiwa mpaka nyimbo zake zikasomwa mara mbili kutafutwa actually. Jumatano, wateja wakiwa wameisha, Wangechi aligeuza kiti chake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mami, actually hiyo maneno ya kanisa..."

"Wangechi," mama yake akamkata, bila kuinua kichwa. "Umeanza tena. Rudi uanze vizuri."

Wangechi aliweka kikombe mezani. Kisha akageuza kiti, akaendelea kuchapa makubaliano ya mtu ya kukodisha trekta. Nyaruai hakulitilia hilo maanani, kichwa chake kilikuwa Kanduyi.

Jumamosi alivaa gauni la bluu la mikutano mizito, akamwambia binti yake anaenda kuona kitambaa cha sare za harusi, akaondoka asubuhi. Alipita Kamukuywa soko likiwa limechangamka, asione hata nyanya moja, midomo inajisemea hotuba. Angeanza kwa upole. Angeitoa simu. Angemwacha Agneta ajinyonge kwa ulimi wake mwenyewe, kwa actually zake mwenyewe.

Agneta alikuwa uani anaanika mtama. Hakukimbia kumlaki kama siku nyingine. Alisimama wima, akajifuta mikono kwa leso, akasema karibu kwa sauti ya karani wa serikali aliyekuona umechelewa. Ndani, Khisa alikuwa kwenye kochi, akainuka, akasalimia, akakaa tena. Chai haikuletwa. Nyaruai aliliona hilo, na moyo wake ukasema, ndiyo hiyo.

Alitoa simu na kuiweka mezani, picha ya barua ikiwa wazi. Agneta aliinama akasoma. Kisha, badala ya kushtuka, akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ile ile, neno kwa neno, ila ilianza na jina lake badala ya la Pasta. Ilifika Alhamisi kwa gari la vifurushi, kutoka Kitale.

"Actually, Mama Wangechi, mimi nilikuwa nakungoja," akasema Agneta. "Nilisema utakuja tu, uone kama imeniuma."

Kila mmoja alikuwa amemngoja mwenzake aumbuke. Nyaruai akasema kwamba yeye hawezi kuandika takataka kama hii, na kwamba duniani kote hakuna mtu anayetumia lile neno kama Agneta, na kama Agneta alikuwa amepata mkwe mwingine si angesema tu kama mtu mzima. Aliyasema yote, yale ya upole yakasahaulika barabarani. Agneta alimsikiliza mpaka mwisho. Mama huyu alikaa ofisini miaka thelathini akipokea watu wenye hasira, hasira yako humtelezea kama maji juu ya jani la myugwa.

Alirudi tena chumbani. Safari hii alileta wasifu wa dada yake, ule wa miaka miwili iliyopita, uliotunzwa kwenye plastiki. Akauweka mezani kando ya barua, akavuta pazia mwanga uingie, akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia wa kila karatasi.

"Angalia hapa. Hii mstari."

Ulikuwa mstari mwembamba wa kijivu, unatoka juu mpaka chini, kama unywele ulioanguka juu ya karatasi. Ulikuwa kwenye wasifu. Ulikuwa kwenye barua, mahali pale pale. Nyaruai hakuhitaji kuelezwa. Printa yake ilikwaruzika ndani muda mrefu uliopita, na kila mwaka alisema atanunua nyingine. Kwenye picha ya simu mstari haukuonekana, lakini hapa mwanga wa dirisha ulikuwa juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Nyaruai aliwahi kuuchapa msemo huo kwenye hotuba za watu wasiopungua kumi.

"Kwa hivyo ni kalatasi ya kwako, imetoka kwa mashini yako," Agneta akasema. "Uniambie mimi nimeingia Kitale saa ngapi."

Nyaruai alitafuta mtu wa kumshuku. Fundi aliyekuja kusafisha kompyuta? Mzee wa kwaya? Alipitisha sura zao moja moja, akawa anajua anachofanya, anazunguka nyumba nzima ili asiingie chumba kimoja. Ndipo Khisa aliposafisha koo pale kwenye kochi.

"Mama, wacheni kushikana mashati," akasema. "Wangechi aliniambia mwezi jana. Hanitaki. Hakuna ubaya, mimi nilisikia uchungu, lakini aliniambia vizuri. Nikamwambia aongee na wewe kwanza. Akasema amejaribu, huwa hamfiki mahali."

Agneta aligeuka kumtazama mwanawe kama mtu mgeni. Akamuuliza mbona hakusema, yeye mama yake yuko hapa kila siku. Khisa akajibu kwamba maneno yalikuwa ya Wangechi, si yake.

Nyaruai alivaa miwani yake, akaivuta ile barua karibu, akaisoma upya. Aliisoma polepole, jinsi anavyosoma makubaliano ya shamba kabla mteja hajatia kidole. Hajakubali. Hakuna aliyemuuliza. Amenyamaza kwa sababu hakuna anayemsikiliza. Hapakuwa na hila humo, hapakuwa na mtego wala mkwe mwingine. Kila neno lilikuwa limesimama mahali pake, hata yale matatu, hasa yale matatu. Watu walikuwa wanaamini jambo lingine, na mtu mmoja alikuwa anajaribu kuwaambia ukweli. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa amewafundisha vizuri.

Akayakumbuka yote kwa pamoja. Mami, actually, juu ya sufuria la viazi, mwezi ule wazee walipokaa. Mami, actually, mbele ya kioo cha fundi wa nguo, pini zikiwa mabegani. Mami, actually, Jumatano, na kikombe mikononi. Alikuwa amesafiri hadi Bungoma kumtafuta mwongo, kumbe aliyemwacha Kitale ndiye aliyekuwa akisema kweli, na mwenye kufunga mlango alikuwa ni yeye.

Alisema pole. Alimwambia Agneta, akamwambia Khisa, na hakupamba. Agneta akaenda jikoni mwenyewe kuleta ile chai aliyomnyima. Aliimimina kwa nguvu, bado ana kinyongo, sahani ikalowa. Lakini aliimimina.

Nyaruai alifika Kitale saa kumi, duka la mbegu likiwa bado wazi. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya tatu. Wangechi alikuwa dirishani, peke yake, na alipomwona mama yake mlangoni bila kitambaa chochote cha sare mkononi, alijua. Mikono yake iliondoka kwenye kibodi ikakaa mapajani.

Mama hakwenda kwenye kiti chake. Aliketi kwenye fomu ya wateja, lile benchi la pale ukutani, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu afungue duka. Kutoka pale duka lilionekana tofauti, meza ilikuwa juu sana. Hakujua aanze wapi, na kwa mara ya kwanza alisubiri.

"Mami, actually," Wangechi akasema, akasita, akafumba macho kidogo kama mtu anayengoja maji baridi.

Sentensi ile ya miaka yote ilikuwa tayari mdomoni mwa Nyaruai. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akaimeza.

"Endelea," akasema.

Wangechi akaendelea. Alisema hamtaki Khisa, ingawa ni mtu mzuri, na uzuri wake ndio uliofanya iwe vigumu kusema. Alisema hakutaka kumwaibisha mtu. Alisema aliandika barua kwa sababu mama yake husoma, hata kama hasikilizi, alijua Pasta atamwonyesha, na alidhani akiisoma atautambua usemi wake.

Sasa usidhani mtu hubadilika kwa chai moja ya Kanduyi. Nyaruai alisikia yote, akalia, na ndani ya kulia kule kile kidudu chake kikaamka. Msichana hakatai mtu mzuri hivi hivi. Lazima kuna mwingine. Nani, fundi wa kompyuta? Wa kwaya? Alijua hapaswi kuuliza, na akauliza.

"Kuna mwanamume mwingine?"

"Hakuna, Mami. Actually hakuna."

Neno lilikaa pale katikati ya duka. Kabiru alilitumia vivyo hivyo, kwa sauti nzuri vivyo hivyo. Nyaruai alimwangalia mwanawe usoni, na kazi aliyoifanya katika dakika ile ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya kwenye duka hilo, kwa maana hakukuwa na cheti cha kuomba wala mtu wa kutuma sokoni. Ilibidi aamini tu.

"Haya," akasema. "Njoo nikuandikie."

Akainuka, akakaa kwenye kompyuta yake, na Wangechi akaketi kwenye fomu ya wateja akataja maneno moja baada ya jingine, kama wanavyofanya wote. Ilikuwa barua fupi kwa Pasta Kiarie, ya kuomba majina yasisomwe kesho. Sentensi ya pili ilisema kwamba yeye Wangechi actually hakuwahi kukubali, na anaomba radhi kwa kuchelewa kusema. Nyaruai alichapa. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi yenye mstari wake wa kijivu.

Wangechi alitia sahihi. Kisha, kwa mazoea, akaisukuma barua kwa mama yake na kungoja kalamu nyekundu. Nyaruai aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia kwenye bahasha kama ilivyo.